Mnong'ono wa Nyirabagenzi

Kwa aliyefungia maandazi gazeti la wiki jana, mambo yako hivi. Naitwa Hakimu, ni mkazi wa Kamembe, mji wa mpakani, nina miaka arobaini na mmoja, na tangu tarehe thelathini Juni mwaka huu wa 1999 sina kazi.

Sikufukuzwa. Nilipunguzwa. Mke wangu Mugwaneza anasema tofauti ya maneno hayo mawili haionekani sokoni.

Kwa miaka mitano nilikuwa mkalimani wa shirika la misaada: Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, na Kimashi cha kutosha kusalimia na kuomba radhi. Kisha vita vikapamba moto Kosovo, nchi ambayo sijawahi kumkosea mtu wake hata mmoja. Wafadhili wakahamia huko, ofisi yetu ikafungwa, na watu kumi na wanne tukapewa barua ya mistari tisa kila mmoja.

Katika wiki sita zilizofuata nilijaribu mambo kadhaa, na nimeyasimulia hapa bila kujipendelea. Niliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na kila mteja aliyeuliza kama ni samaki wa leo nilimwambia ni wa jana, kwa sababu walikuwa wa jana. Niliweka meza mbele ya posta kuwaandikia watu barua. Kijana mmoja aliyetaka barua ya mapenzi aliirudisha akisema inafanana na ripoti ya ajali. Nikaenda kuomba kazi shirika jingine, nikawakuta wanafunga makabati kwa kamba.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni habari ya Papa Cubaka.

Papa Cubaka ni mfanyabiashara wa vitenge wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mwili wake mpana, mkoba wake mdogo, na daraja la Rusizi analivuka mara nne kwa wiki. Alikuwa anatafuta mtu wa upande huu wa kupokea marobota yake na kuzungumza na watu wa soko na wa forodha. Mtu mmoja kwa kinyozi akamtajia jina langu. Tukakutana mbele ya benki, akanitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Ukingali na bale bazungu bako?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba niko konje, yaani likizo.

Huo ndio uongo wangu. Nauandika hapa wazi kwa sababu kabla hamjafika mwisho wa ukurasa huu utakuwa umenirudia.

"Njo muzuri," akasema. "Mi sikamatake muntu mwenye benzake balitupa. Kama balimutupa, kuna kitu baliona."

Niliafiki kwa kichwa, kama mtu ambaye naye ana maoni yaleyale.

Papa Cubaka alitaka kunijaribu kwanza. Mwanawe Ciza alikuwa amempata msichana Butare. Si ile Butare ya chuo kikuu. Ni Butare yetu ya milimani, kwenye migomba na baridi. Jumamosi familia ingekwenda kumposa, na wenyeji wangesema Kinyarwanda kitupu kama heshima inavyotaka. Mimi ningekuwa mdomo wa wageni na sikio lao. Posa ikikubaliwa, Jumatatu naanza kazi ya vitenge.

Nikauliza jina la msichana, kwa ajili ya maandalizi.

"Anaitwa Teta," Papa Cubaka akasema kwa fahari. "Anatumika kwa bazungu. Labda munajuana."

Tulijuana. Teta alikuwa karani wa ofisi yetu, meza yake ikitazamana na yangu. Zile barua kumi na nne za kutupunguza kazini ni yeye aliyezipiga taipu, moja baada ya nyingine, bila kosa hata la herufi. Ya kumi na nne ilikuwa yake mwenyewe.

Alhamisi Teta alinifuata nyumbani, akanikuta uani ambako Mugwaneza anashonea. Alikaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu aliyekuja kupimwa nguo. Akaeleza kwamba Maman Odette, mama yake Ciza, ameitangazia kwaya nzima ya parokia kwamba mkwe wake ana mshahara wa kila mwezi. Vita vya mwaka jana viliwafungia duka mara mbili, na mama yule ameshaujengea mshahara huo nyumba kichwani. Hata Ciza hajui kwamba mshahara haupo.

"Papa Hakimu, usinitaje," akasema. "Mimi nilitaka kuwaambia tangu mwanzo. Ni shangazi aliyesema wakijua hawatavuka daraja."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa mimi na yeye wote tuko likizo.

Teta hakucheka. Mugwaneza alicheka, lakini baada ya mgeni kuondoka, na si kwa wema.

Mugwaneza ni mtu wa vipimo. Nguo haishonwi kwa matumaini, husema, hushonwa kwa futi. Usiku ule alinipa futi yake: kaka yake wa Nyakarenzo ana shamba asilolimaliza na chumba kisicho na mtu. Jumatatu nikienda kwa Cubaka, tunabaki Kamembe. Nisipokwenda, Jumanne tunafunga cherehani kwenye gari na kwenda kulima.

Sina neno na kilimo. Ila mara ya mwisho nilipopanda maharage kwa shemeji, aliyapanda upya nilipoondoka, kwa adabu, bila kuniambia.

"Lakini kuna kitu sisikie, Baba Zaina," Mugwaneza akaongeza, uzi mdomoni. "Kule Butare nani hajue Kiswahili? Nusu yabo balitumika Bukavu. Sasa weye banakutafutia nini?"

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba kuelewa lugha ni jambo moja na kutafsiri ni jambo jingine. Nilitoa mifano mitatu. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Haya."

Kabla hatujapanda mlima lazima niwaambie kuhusu kanuni yangu ya kazi, maana ndiyo iliyonifikisha nilipofika.

Mkuu wa ofisi yetu alikuwa mama wa Kizungu asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza, mwaka 1994, alinipa kanuni moja: kila kinachosemwa kinatafsiriwa, cha sauti na cha mnong'ono, bila kuongeza na bila kuacha. Niliiona ni ukali wa bure. Kisha siku moja, katika kambi ya wakimbizi upande wa pili wa mpaka, kikongwe mmoja kwenye foleni alinung'unika jina la kisima, akisema peke yake. Nikalitafsiri kwa sababu ya kanuni tu. Kwa jina lile la kisima msichana wa miaka sita aliyekuwa naye, asiyejua kwao, alijulikana ni wa wapi, na baada ya siku kumi na moja alikuwa nyumbani kwa bibi yake, huko huko Nyakarenzo.

Tangu siku ile sikubishana tena na kanuni. Iliacha kuwa kitu ninachokikumbuka. Ikawa kama kupiga chafya.

Jumamosi Papa Cubaka na familia yake walivuka daraja saa mbili asubuhi, watu kumi na wawili katika pikapu mbili. Ng'ombe alikuwa amenunuliwa upande huu ili asiulizwe karatasi. Mpaka unafungwa saa kumi na mbili jioni, na barabara ya Butare haina haraka na mtu, kwa hiyo saa tisa alasiri ilitupasa tuwe tumeshaondoka, na bibi arusi au bila bibi arusi.

Mzee Hakizimana, baba yake Teta, alitupokea chini ya kivuli cha shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, maandishi yake yakiwa yamefutika kwa mvua. Ni mtu mwembamba anayesikiliza kwa kichwa kilichoinama. Wageni walipewa pombe ya ndizi. Mimi, kwa ajili ya kofia yangu, nilipewa Fanta mbili kwa mpigo. Nyuma ya Mzee, kwenye mkeka, alikaa dada yake mkubwa Nyirabagenzi, shangazi wa msichana. Kati ya magoti yake na sikio langu palikuwa na mita moja na nusu.

Msemaji wao alikuwa Habineza, katekista mstaafu, na nasema kwa heshima kwamba sijawahi kumsikia mtu akidanganya kwa ufasaha kama ule. Ndivyo desturi inavyotaka. Mwenye binti hampi mgeni binti yake kwa swali la kwanza, lazima mgeni asumbuliwe. Habineza akaanza kwa kuuliza kama tumepotea njia. Kisha akasema nyumba hii haina msichana. Kisha yupo, lakini ameingia utawani. Kisha ametoka utawani, lakini ameshaposwa na tajiri wa Burundi mwenye mashua tano.

Nilitafsiri yote. Mugwaneza alikuwa amenifunza Ijumaa kwamba uongo wa harusi hutafsiriwa kwa tabasamu, nikatabasamu kila palipohitajika. Papa Cubaka naye hakuwa mnyonge. Alijibu kwamba mashua za tajiri yule zinavuja, aliziona kwa macho yake. Watu wakacheka pande zote mbili. Nilihisi, na si kawaida yangu kuhisi, kwamba ninaiweza kazi hii.

Kufikia saa saba na nusu nilikuwa nimetafsiri uongo kumi na saba kwa uaminifu kamili.

Ndipo Papa Cubaka akamtaja ng'ombe. Habineza akavuta muda, akaanza kusifu pembe. Na Shangazi Nyirabagenzi, aliyeona jua linakwenda, akainama kwenye sikio la kaka yake na kunong'ona:

"Kubali sasa, Hakizimana. Kubali kabla hawajajua kwamba Teta alipoteza kazi mwezi Juni na ofisi nzima imefungwa."

Mdomo wangu ukafunguka.

"Shangazi anasema," nikatangaza kwa Kiswahili safi, sauti ya kufika mkeka wa mwisho, "kubali sasa, kabla hawajajua kwamba Teta alipoteza kazi mwezi Juni..."

Hapo kichwa kikaukuta mdomo.

Yalikuwa yamebaki maneno manne, na hayo manne yalinihusu mimi. Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Naomba nisidhaniwe shujaa. Nimetafsiri miaka mitano na sijawahi kuacha sentensi imekatika katikati.

"...na ofisi nzima imefungwa," nikamaliza.

Habineza, mtu wa uongo kumi na saba, hakuwa na wa kumi na nane. Ciza, ambaye kwa desturi mchumba hasemi, aligeuka kuutazama mlango wa nyumba kana kwamba ulikuwa umemwita.

Maman Odette akaweka chupa yake chini polepole.

"Ofisi yote?"

"Yote, Maman."

"Sasa weye uko konje ya wapi?"

Nikaweka Fanta yangu chini pia.

Mzee Hakizimana ndiye aliyesimama. Akasema kwamba anaomba kumwonyesha mgeni wake ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe aliletwa na mgeni, lakini hakuna aliyeona vema kulitaja hilo. Papa Cubaka akamfuata, na bila kunitazama akaniita kwa kidole, kwa kuwa wazee wawili wasioelewana lugha hawawezi kwenda peke yao nyuma ya migomba.

Tulipofika nyuma ya migomba Mzee Hakizimana akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili cha Bukavu, chenye mitaa yake ya Kadutu na Nguba.

"Cubaka, mi nilitumika Bukavu myaka tisa, ku duka ya Mugiriki. Kiswahili nakisikia kushinda huyu."

"Nilijua," Papa Cubaka akasema. "Ulikuwa unacheka mbele huyu atafsiri."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokuwa wakijuana tangu asubuhi. Nilingoja wamalize. Kisha nikauliza, kwa maana ni suala la utaratibu, kama wote wawili wanaelewana, mimi niliitwa kufanya nini.

Mzee Hakizimana akanitazama kwa huruma kidogo.

"Weye uko muntu wa kugombana naye," akasema.

Akanieleza. Siku hizi daraja lile lina askari kila upande, na kila upande una makaburi yake. Baba wa huku na baba wa kule wakikosana kwa maneno yao wenyewe hakuna wa kuwapatanisha. Lakini kukiwa na mtu katikati, asiye wa huku wala wa kule, neno likiharibika limeharibikia mdomoni mwake. Watamlaumu yeye, watakula, watarudi nyumbani.

Nikamkumbuka Mugwaneza na uzi wake. Mifano yangu mitatu yote ilikuwa ya bure.

Kisha Papa Cubaka akafika kwenye jambo lenyewe. Binti, alisema, anamtaka awe mkwe wake. Angemtaka hata kama anauza makaa. Ciza hali vizuri tangu Pasaka. Tatizo ni Odette, na nyuma ya Odette ni kwaya. Tukirudi Bukavu na maneno yale tunarudi bila bibi arusi. Kwa hiyo ningeingia chini ya shitingi, nisimame, na niseme kwamba nilikosea.

Nikamwambia sikukosea.

"Najua. Kama ulikosea, singekuomba."

Nikamwambia tena kwamba mkalimani anayesimama mbele ya watu hamsini na kutangaza kosa ambalo hakulifanya hatapata kazi ya ulimi tena pande zote mbili za Rusizi. Jina langu ndilo kitu pekee ambacho barua ya mistari tisa haikukichukua.

Papa Cubaka akaweka mkono wake mpana juu ya mgongo wa ng'ombe. Hakuwa na hasira.

"Ulinidanganya mara moja juu ya tumbo yako," akasema. "Sasa danganya mara moja juu ya nyumba yangu. Lundi unaanza."

Lundi ni Jumatatu. Saa yangu ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Hakuna aliyeniuliza ninajisikiaje, na nilishukuru, kwa sababu ningelazimika kujibu. Nilifikiri kwa mpango. Kanuni ilitolewa na ofisi, na ofisi haipo. Jembe lipo. Cherehani ya Mugwaneza ipo, na Nyakarenzo hakuna wa kushonesha sare za shule ila wakati wa mavuno. Na Teta aliniomba nisimtaje, nikamtaja.

Tukarudi.

Nikasimama, nikavua kofia, nikaivaa tena. Nikasema kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili:

"Nilikosea. Shangazi hakusema nilivyosema."

Nakiri kwamba haikuniuma kama nilivyotarajia. Kivuli kizima kilishusha pumzi. Nikaanza kukaa.

"Ngoja," Maman Odette akasema. "Kama ulikosea, alisema nini?"

Hilo hatukuwa tumelipanga nyuma ya migomba. Maishani mwangu nimerudia maneno ya watu wapatao elfu kumi, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba nitunge ya kwangu. Macho yote yalinigeukia. Niliangalia juu, nikaona shitingi, nikasema kitu cha kwanza kilichohusiana na shitingi.

"Alisema, kubali sasa, kabla mvua haijanyesha."

Ilikuwa tarehe kumi na nne Agosti. Mvua ya mwisho Butare ilinyesha mwezi Mei. Watu hamsini waliinamisha shingo pembeni ya turubai kutazama mbingu, na mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Hapo Shangazi Nyirabagenzi akaniokoa, mimi niliyemwaibisha. Aliitazama mbingu kwa makini, akashika goti lake la kulia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba goti lile halijawahi kumdanganya tangu enzi za mwami, mfalme wa zamani.

Hilo nilitafsiri neno kwa neno. Ilikuwa furaha kurudi kwenye kazi.

Maman Odette akanitazama mimi. Kisha akamtazama Ciza, aliyekuwa hajayatoa macho mlangoni. Kisha akainama, akachukua chupa yake.

Basi mambo yakaanza kutembea. Habineza alipata tena ulimi wake na kutangaza kwamba tajiri wa Burundi amezama na mashua zote tano. Wanawake wakapiga vigelegele vya kujaribu. Mzee Hakizimana akashika ufito wa kuswagia ng'ombe wa posa, ishara kwamba yu tayari kuupokea ukoo mpya. Papa Cubaka akanitikisia kichwa mara moja, na mimi naijua ile namna ya kutikisa kichwa, ni ya mtu kwa mfanyakazi wake. Nilifungua Fanta ya pili. Kichwani nilikuwa nimeshafika Jumatatu, nahesabu marobota mbele ya mtu wa forodha, shati limepigwa pasi.

Pazia la mlangoni likasogea.

Desturi haina shaka juu ya jambo hili. Msichana hatoki mpaka aitwe, na akitoka anatoka na wenzake, kwa wimbo, macho chini, mikononi ana zawadi. Teta alitoka peke yake, bila wimbo. Mshanana wake, vazi la sherehe, ulikuwa umefungwa bega moja vizuri na pini ya mwisho haijawekwa. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara tatu.

Niliijua karatasi ile kwa mbali. Ina mistari tisa. Ndugu yake iko nyumbani kwangu, chini ya godoro.

Ciza akainuka nusu, hakuna aliyemkumbusha kukaa. Teta akapita katikati ya watu mpaka mbele ya baba yake, akapiga magoti, akasema naye kwa Kinyarwanda kama mtoto anavyosema na mzazi, sauti chini, wenyeji wa mbele tu wakisikia. Na mimi.

"Baba, mkalimani hakukosea. Barua hii niliipiga taipu kwa mkono wangu. Sitaki kuolewa kwa goti la shangazi."

Habineza alibaki mkono umeinuliwa. Mzee Hakizimana, anayekisikia Kiswahili kunishinda, ghafla hakuijua lugha yoyote; alikuwa anamtazama ng'ombe. Papa Cubaka aliona karatasi, akaona uso wa Mzee, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuniashiria kitu.

Nyuma yangu benchi likalia. Maman Odette alikuwa amesogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Papa Hakimu," akasema taratibu, "mutoto anasema nini?"

Mdomo wangu, kwa mazoea yake, ulikuwa umeshafunguka.